Historia ya Duka la Ushirika Vijijini na Maneno Yake

Katika maneno ambayo karne ya ishirini iliyakuta katika lugha ya Kiswahili ikayavika maana mpya, ni machache yaliyotamkwa mara nyingi na kufafanuliwa mara chache kama neno ushirika. Lilisemwa katika mikutano ya wakulima, likaandikwa juu ya milango ya maghala na katika sheria za nchi. Walakini mahali ambapo mwanakijiji wa kawaida alilipima neno hilo kila siku, kwa macho yake na kwa fedha yake, hapakuwa mkutanoni wala katika kitabu cha sheria. Palikuwa dukani, mbele ya mizani, mtu alipokwenda kununua chumvi, mafuta ya taa au kipande cha sabuni. Kwa sababu hiyo historia ya duka la ushirika katika vijiji vya Tanzania yafaa kutazamwa kwa macho mawili pamoja: jicho la mambo yaliyotendeka, na jicho la maneno yaliyotumiwa kuyataja. Mambo na maneno hayo yote yazunguka swali moja ambalo kila mnunuzi aliweza kuliuliza: duka hili ni la nani?

Asili ya neno ushirika ni mzizi wa Kiarabu wenye herufi shini, re na kafu, ambao maana yake ni kuwa na fungu katika jambo pamoja na mwingine. Mzizi huo ulizaa katika Kiswahili ukoo mkubwa: kushiriki, shirika, mshirika, ushirika. Ulizaa pia shirki, neno ambalo kwa Waislamu ni jina la dhambi kubwa ya kumfanyia Mungu mwenzi. Kwa upande wa Wakristo, mzizi uleule ulipewa heshima ya kuitaja meza ya Bwana, ikaitwa Ushirika Mtakatifu. Nao Walutheri, ambao ni wengi katika nchi ya Kilimanjaro, huita mtaa wao wa kanisa usharika. Basi neno moja liliweza kutaja dhambi, ibada na biashara, kulingana na ni nani aliyeshirikishwa na kwa jambo gani.

Katika biashara neno hili lilikuwa na maana nyembamba na iliyo wazi. Mali ya shirika ilikuwa mali ya watu wawili au zaidi waliotia fedha zao au kazi zao pamoja, kila mmoja akijulikana kwa jina na fungu lake likijulikana kwa kiasi chake. Faida ilipopatikana iligawanywa kwa mafungu, na hasara nayo ilibebwa hivyohivyo. Mambo mawili yalikuwa ndani ya maana hiyo ya kale: washirika hujuana, na aliyetia chake alikitia kwa hiari yake. Yafaa kuyashika mambo hayo mawili, maana historia inayofuata ni historia ya jinsi yalivyopotea moja baada ya jingine.

Neno duka nalo ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Asili yake ni Kiarabu, dukkan, nalo latumika pia katika lugha za Bara Hindi, kama Kigujarati na Kihindi, ambazo wasemaji wake ndio waliokuwa wengi wa wenye maduka katika Afrika ya Mashariki. Duka liliingia bara pamoja na njia za misafara, kisha pamoja na reli na utawala wa kikoloni. Katika miji midogo na njiapanda za Tanganyika lilikuwa chumba kimoja chenye kibaraza na mizani. Ndani mlikuwa na nguo, majembe, viberiti, sukari, chumvi na mafuta ya taa. Lakini duka halikuwa mahali pa kuuzia tu. Mwenye duka, Mhindi au Mwarabu kwa kawaida, alinunua pia mazao ya mkulima, na mara nyingi alimkopesha vitu kabla ya mavuno. Yeye mwenyewe alikuwa amekopa bidhaa kwa tajiri wa mjini, na tajiri wa mjini alikopa kwa tajiri wa pwani. Hivyo deni lilikuwa kamba ndefu iliyoanzia bandarini na kuishia katika shamba la mkulima.

Kamba hiyo ilivuta pande zote mbili. Mkulima alinung'unika kwamba aliuza mazao kwa bei ndogo na kununua nguo kwa bei kubwa, tena kwa mtu yuleyule na kwa mizani ileile. Lakini duka hilo lilikuwa likifunguliwa alfajiri na usiku, liliuza sukari kwa vipimo vidogo kama mnunuzi alivyoweza, na lilimvumilia mtu wakati wa njaa. Waliotaka kuweka duka jingine mahali pake walilijua sana lile nung'uniko, ila hawakuutia maanani wa kutosha uvumilivu ule.

Duka jingine waliloliwazia lilikuwa na asili yake mbali. Katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, watu 28, wengi wao mafundi na wafumaji wa nguo, walikusanya pauni 28 wakafungua duka dogo tarehe 21 Desemba 1844. Bidhaa zao za kwanza zilikuwa unga, siagi, sukari, shayiri iliyosagwa na mishumaa. Hawakuwa wa kwanza kujaribu, bali taratibu zao ndizo zilizoenea duniani. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, hata kama hisa zake ni nyingi. Bidhaa ziliuzwa kwa fedha taslimu bila mkopo. Bei ilikuwa ileile ya soko. Lakini ziada iliyopatikana mwisho wa kipindi ilirudishwa kwa wanachama, kila mtu kwa kadiri ya vitu alivyonunua. Yaani faida haikumfuata mwenye fedha nyingi, ilimfuata mnunuzi mwaminifu.

Taratibu hizi hazikuja Tanganyika kwa njia ya duka. Zilikuja kwa njia ya mazao. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, na kiongozi wake aliyejulikana sana alikuwa Joseph Merinyo. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 kikaandikishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, badala ya kile cha kwanza. Mwaka 1936 Wangoni na Wamatengo walipata chama kikuu cha kuuza tumbaku yao; Bukoba ilifuata mwaka 1950; na mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Ziwa Victoria viliungana katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Vyama hivyo vilikuwa vikubwa na vyenye nguvu, na katika siasa za kudai uhuru vilikuwa shule ya uongozi.

Lakini msomaji aangalie jambo moja. Katika vyama hivyo ushirika maana yake ilikuwa kuuza. Mkulima alileta kahawa au pamba yake mara moja kwa mwaka, ikapimwa, akapewa stakabadhi na malipo, akarudi nyumbani. Chama kilishughulika na bidhaa moja na msimu mmoja. Duka ni kinyume chake: bidhaa ni nyingi, wanunuzi huja kila saa, fedha ni senti kwa senti, na kosa dogo la leo hurudiwa kesho na kesho kutwa mpaka likawa kosa kubwa. Aliyefundishwa ushirika na msimu wa pamba hakuwa amefundishwa kuendesha duka.

Baada ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, serikali mpya iliona kwamba nchi haiwezi kujitawala katika siasa huku biashara ya rejareja na ya jumla ikiwa mikononi mwa wachache. Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Tanganyika uliundwa mwaka 1961. Mwaka 1962 likaundwa shirika la kuyapatia bidhaa maduka ya ushirika, lililojulikana kwa herufi zake COSATA, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikafunguliwa Moshi. Ndipo duka la ushirika la kijijini lilipoanza kuonekana mahali pengi, likiwa na mambo yake ya kawaida: mkutano mkuu wa wanachama, kamati iliyochaguliwa, mwuzaji mmoja anayelipwa mshahara, daftari la hisa na chumba chenye kufuli.

Maneno ya duka hilo yalikuwa tayari katika lugha. Hisa ni neno la Kiarabu lenye maana ya fungu, nalo lilizoeleka katika mambo ya urithi na biashara ya pwani. Gawio ni la Kibantu, kutokana na kugawa, na mwundo wake ni sahihi kabisa. Mwanachama vilevile ni rahisi kulieleza. Basi shida haikuwa upungufu wa msamiati, kama wengine wadhanivyo kila jambo jipya linaposhindwa kushika mizizi. Neno lilikuwapo, jambo lenyewe ndilo lililokuwa halijapata mazingira yake.

Shida ya kwanza ilikuwa fedha taslimu. Wafumaji wa Rochdale waliishi kwa ujira wa juma. Kanuni ya kutokopesha iliwabana, lakini iliwezekana, kwa kuwa kila juma fedha kidogo ilipita mikononi mwao. Mkulima wa kahawa, pamba au tumbaku hupata fedha zake kwa msimu, naye hula chumvi mwaka mzima. Duka lililoshika kanuni liliwaona wanachama wake wenyewe wakipita mlangoni kwenda kwa mwenye duka wa zamani, ambaye aliwakopesha. Duka lililovunja kanuni likakopesha, lilijikuta linamdai jirani, shemeji na mjumbe wa kamati, na hapakuwa na mtu wa kuwadai kwa ukali. Methali yasema kukopa harusi, kulipa matanga. Na katika duka la ushirika aliyealikwa harusini na aliyefiwa walikuwa mtu mmoja, maana mwanachama aliyekopa na asilipe alikuwa akijiibia mwenyewe.

Shida ya pili ilikuwa bei. Kanuni ya kale yataka duka liuze kwa bei ya soko, kisha lirudishe ziada. Lakini mwanakijiji alikuwa ameambiwa kwamba ushirika ni dawa ya unyonyaji, na kwake unyonyaji ulikuwa na sura moja tu, nayo ni bei kubwa. Alipokuta sukari ya duka lake ni bei ileile ya duka la jirani, aliona amedanganywa. Kumwambia angoje gawio la mwisho wa mwaka ilikuwa kumwomba aamini hesabu asiyoiona. Kamati nyingine zilipunguza bei ili kuwaridhisha wanachama; basi ziada haikupatikana, mtaji haukukua, na siku gari la bidhaa lilipopanda bei duka halikuwa na fedha ya kununulia gunia lingine.

Shida ya tatu ilikuwa mizani na daftari. Gunia la sukari likiuzwa kwa vipimo vidogo halitoi jumla ileile liliyoingia nayo; nyingine humwagika, nyingine huzidishwa kwa huruma ya mkono, na nyingine hunyonya unyevu au kukauka. Mwenye duka wa kawaida aliujua upungufu huo kwa mazoea ya miaka mingi, akauhesabu katika bei. Mwuzaji wa ushirika aliambiwa aueleze kwenye karatasi, na asipoweza aliitwa mwizi hata kama si mwizi. Na aliyekuwa mwizi kweli alijificha nyuma ya upungufu huohuo. Zaidi ya hayo, gawio la kila mtu kwa kadiri ya manunuzi yake lilitaka kila kipande cha sabuni kiandikwe kwa jina la aliyekinunua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kwamba daftari lataka mtu wa kuliandika na mia wa kulisoma. Katika kijiji ambacho wengi wa wanachama hawakuwa wamepata kusoma, mwenye kalamu alikuwa ndiye mwenye duka.

Mambo haya hayakuwa siri. Mwaka 1966 Rais aliteua kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, nayo ilikuta wanachama wasiojua haki zao, watumishi wachache wenye ujuzi, matumizi mabaya ya fedha na siasa kuingilia shughuli za vyama. Magonjwa hayo yangeweza kutibiwa kwa njia mbili. Moja ilikuwa kumfundisha mwanachama mpaka aweze kumkagua karani wake. Nyingine ilikuwa kumpa mkaguzi wa serikali uwezo zaidi. Njia ya kwanza ni ndefu. Sheria mpya ya ushirika ya mwaka 1968 iliongeza usimamizi wa serikali, na tangu hapo duka la ushirika likaanza kuwa na mlezi ambaye polepole akawa mwenyewe.

Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa, tarehe 5 Februari 1967. Biashara ya jumla ilitiwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, na tangu mwaka 1973 makampuni ya biashara ya mikoa yakashika mahali pake. Duka la kijiji sasa lilipata bidhaa zake kutoka mlango mmoja wa serikali. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kilichoandikishwa kuwa kama chama cha ushirika cha shughuli nyingi, na Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mwaka huohuo ilikuja Operesheni Maduka, ambayo ilitaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, na ya kijiji yashike nafasi. Sehemu nyingi maduka yalifungwa kabla yale mapya hayajawa tayari, na haraka hiyo ilibidi ipunguzwe.

Hapo ndipo mambo mawili yaliyokuwa katika maana ya kale ya shirika yalipoondoka. Mtu hakuwa tena mwanachama kwa kuwa alitia hisa kwa hiari yake; alikuwa mwanachama kwa kuwa alikaa kijijini. Fungu lake halikuwa na kiasi, na lisilo na kiasi haliwezi kudaiwa. Lugha yenyewe yashuhudia badiliko hilo. Duka la ushirika lingeweza kuitwa duka la washirika, maana wenyewe walikuwa watu wenye majina. Baadaye likawa duka la ujamaa, na hapo mwenyewe ni fikra. Kisha likawa duka la kijiji, na mwenyewe ni mahali. Katika miaka ya shida watu walisema duka la kaya, na kaya si mwenyewe kabisa, bali ni mpokeaji. Kihusishi kile kidogo, la, hakikubadilika umbo. Lakini kilichofuata nyuma yake kilikuwa kikienda mbali na mnunuzi hatua kwa hatua.

Miaka ya shida ilikuja upesi. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ya kigeni na kushuka kwa mazao viliondoa fedha za kigeni nchini, na bidhaa zikaadimika. Sukari, sabuni na nguo ziligawiwa kwa orodha. Duka lililobuniwa ili liwe mali ya wanunuzi likawa dirisha la kugawia kichache kilichopatikana, na mwenye ufunguo akawa mtu wa kupendelewa na kuogopwa. Maneno ya zama hizo ni mengi na hayana furaha. Foleni, lililotokana na amri ya Kiingereza ya kupanga askari mstari, lilihama kutoka uwanja wa gwaride likaja mlangoni pa duka. Kulangua na magendo, yaliyokuwa katika lugha tangu zamani, yakawa maneno ya kila siku, na mlanguzi akatajwa redioni. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi. Mwaka 1984 ikaanza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Bidhaa ziliporudi, zilirudi katika maduka ya watu binafsi. Duka la kijiji lilibaki na rafu tupu, mara nyingi na deni.

Sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imerudisha vyama vikuu. Ile ya mwaka 1991, na zilizofuata za mwaka 2003 na 2013, zilitamka tena kwamba chama ni mali ya wanachama waliojiunga kwa hiari. Nalo shirikisho la ushirika la dunia, katika mkutano wake wa Manchester mwaka 1995, liliiweka hiari hiyo kuwa kanuni ya kwanza kati ya saba. Vyama vya mazao vikaendelea, na vyama vya akiba na mikopo vikaenea. Mahali pengine chama cha mazao huwauzia wanachama mbolea, mbegu na dawa, na pembejeo hizo ni bidhaa za msimu kama mazao yenyewe. Basi ushirika umerudi kwenye msimu, ambako ndiko ulikoanzia. Duka la chumvi na sabuni ndilo lililopungukiwa na warithi.

Je, yafaa kusema kwamba duka la ushirika lilishindwa kwa kuwa watu wa vijijini hawakufaa kwa ushirika? Historia haikubali jibu hilo. Watu waliochanga kwa mazishi, waliosaidiana kulima na kujenga, na ambao leo huweka akiba katika vikundi vidogo vya jirani na jirani, hawakukosa moyo wa kushirikiana. Katika vikundi hivyo washirika hujuana, kila mmoja hutia chake kwa hiari, fungu lake lajulikana kwa kiasi, na daftari husomwa kwa sauti mbele ya wote, hata asiyejua kusoma akasikia. Hayo ndiyo maana ya kale ya mali ya shirika, nayo yamerudi bila kusubiri sheria. Duka la kijijini lilinyimwa nafasi ya kujifunza makosa yake, kwa kuwa kabla wanachama hawajaweza kumwuliza karani wao, karani alikwisha kuwa wa mtu mwingine.

Kwa wachunguzi wa lugha somo ni moja. Si haki kulipima neno kwa kitabu cha maana peke yake. Katika kamusi ushirika ulibaki vilevile tangu mwaka 1932. Dukani ulibadilika kila mara sukari ilipopimwa. Mwanakijiji aliyesimama mbele ya mizani hakuuliza ushirika ni nini. Aliuliza duka hili ni la nani, na jibu alilopewa ndilo lililokuwa maana ya neno.